Safari ya Mita Moja

Mbwa wa boma la Kimaasai hana mnyororo shingoni wala banda la kulala. Hulala karibu na zizi, na kazi yake inajulikana: fisi akimnusa ndama, mbwa abweke, chui akiusogelea ua wa miiba, abweke zaidi. Kukicha huandamana na mifugo pamoja na watoto wanaoichunga. Huko Endulen, kata iliyoko kusini-magharibi mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye miinuko inayotazama tambarare za Ndutu upande mmoja na bonde la Ziwa Eyasi upande wa pili, mbwa na mtoto mchungaji hushinda pamoja kutwa nzima. Kwa hiyo siku mbwa anaposhikwa na kichaa, anayeng'atwa mara nyingi ni mtoto, naye mara nyingi hung'atwa mguuni au mkononi.

Hapo zinaanza safari mbili. Moja kila mtu anaiona: kutoka bomani, iwe Kakesio, Esere au kwingineko, hadi hospitali ya misheni ya Kanisa Katoliki iliyopo Endulen, au mbali zaidi, kuzunguka ukingo wa kreta, kupita lango la Loduare na kuteremka hadi Karatu. Ya pili inafanyika ndani ya mguu wa mtoto, kutoka kwenye jeraha kuelekea uti wa mgongo, na kutoka uti wa mgongo kuelekea ubongo. Safari itakayotangulia kufika ndiyo itakayoamua kama mtoto ataishi. Magonjwa mengi ya virusi hayampi mtu nafasi hiyo: mafua yakishaingia puani yameingia. Kichaa cha mbwa hutoa muda, kwa sababu kirusi chake kina mwendo mrefu wa kwenda, na kila hatua ya mwendo huo ni lazima kiazime nguvu za mwili kilimoingia.

Kinachoingia jerahani pamoja na mate ya mbwa ni kitu kidogo mno. Kirusi kimoja kina urefu wa nanomita 180 hivi na umbo la risasi, butu huku na mviringo kule. Vikipangwa mstari mmoja, zaidi ya 5,000 vitaenea ndani ya milimita moja. Kimefunikwa na utando wa mafuta uliotoka kwenye seli kilimoundwa, na juu ya utando huo zimechomoza protini nyingi za aina moja. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 12,000, nao unabeba maelekezo ya kutengeneza protini 5 tu. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Kirusi hakili, hakipumui, hakina misuli wala mkia wa kuogelea. Kikiachwa juani kinaharibika upesi. Hakiwezi kusogea hata upana wa unywele kwa nguvu zake chenyewe.

Na bado kikiachwa kitafika ubongoni.

Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Jeraha linafunga, kovu linabaki, mtoto anarudi machungani. Kirusi kinaweza kukaa kwenye misuli siku kadhaa, wiki kadhaa, hata miezi, kikizaliana humo polepole. Kwa watu wengi muda kati ya kung'atwa na dalili za kwanza ni mwezi 1 hadi 3. Wapo walioanza kuugua baada ya wiki moja, na wapo wachache waliopitisha mwaka mzima. Ukimya huu umewaua wengi, maana mzazi anayeona kidonda kimepona anaamini kwamba jambo limekwisha, na mbwa mwenyewe amekwisha kuuawa na kusahauliwa.

Mahali misuli inapokutana na neva pana mwanya mwembamba sana. Kila mara mtu anapotaka kunyanyua mguu, ncha ya neva humwaga mwanyani kemikali iitwayo asetilikolini, na upande wa misuli kuna vipokezi vinavyoidaka. Mwaka 1982 Thomas Lentz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliandika kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa hujishika mahali hapohapo. Miaka miwili baadaye walilinganisha protini ya juu ya kirusi na sumu za nyoka wa jamii ya fira, wakakuta sehemu ya protini hiyo inafanana na sumu. Mchungaji wa Ngorongoro anaifahamu kazi ya sumu hiyo: inaizuia misuli isipokee amri ya neva, mpaka pumzi inakatika. Nyoka na kirusi, visivyo na udugu wowote, vimefikia kipokezi kilekile kwa protini zinazofanana. Nyoka hutumia mshiko huo kumlemaza mnyama. Kirusi kinautumia kukaa karibu na ncha ya neva, ambamo ndimo kinamotaka kuingia.

Kwenye ncha hiyo kuna vipokezi vingine vinavyokifaa. Kimojawapo huitwa p75, na kazi yake halali ni kuchukua kichocheo cha ukuaji wa neva kinachotolewa na tishu za mwilini na kukipeleka hadi kwenye kitovu cha seli, ili seli ijue kwamba bado inahitajika na isife. Ni huduma ya uhai. Kirusi kinajishika humo na kubebwa pamoja na ujumbe huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walipokitazama kirusi ndani ya seli za neva zilizokuzwa maabara, waliandika mwaka 2014 kwamba kikisafiri na p75 kinakwenda kasi kuliko hata ujumbe wenyewe. Kilichojengwa ili kuiokoa seli ndicho kinachokipeleka kirusi mbele.

Namna ya kuingia yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu. Seli haivunjwi. Kirusi kikishajishika juu yake, utando wa seli hubonyea, hukizunguka, hujifunga, na kirusi kinajikuta ndani ya kifuko kidogo. Seli humeza vitu vya nje kwa namna hii kila dakika. Ndivyo inavyopata baadhi ya virutubisho na ndivyo inavyookota taka. Kwa kawaida kifuko hicho hutiwa asidi ili kilichomezwa kisagwe. Asidi hiyo ambayo ingepaswa kukiangamiza kirusi ndiyo ishara kinayoingojea. Asidi inapozidi kiwango fulani, protini za juu yake hujikunjua, hujichomeka kwenye ukuta wa kifuko, kisha hujikunja tena na kuuvuta utando wa kirusi uungane na utando wa seli. Panatokea tundu, na uzi wa RNA ukiwa umevikwa protini zake unapita na kuingia ndani.

Ndani ya neva, hata hivyo, kirusi hakina haraka ya kutoka kifukoni. Ushahidi mwingi unaonyesha kwamba husafiri kikiwa kizima, kifuko na vyote, mpaka kitovu cha seli. Na hapa ndipo ilipo ajabu kubwa ya habari hii nzima.

Seli ya neva inayoendesha misuli ya mguu ina kitovu chake kwenye uti wa mgongo, lakini mkono wake mrefu unashuka hadi kwenye misuli yenyewe. Kwa mtu mzima mkono huo unaweza kufika mita moja, nao ni seli moja. Ndani yake mmepangwa vijirija vyenye upana wa nanomita 25, na juu ya vijirija hivyo hutembea protini iitwayo dainini, ikipiga hatua za nanomita 8 hivi, ikibeba vifuko kutoka ncha za mbali kurudi kitovuni. Dainini haijui ilichobeba. Punda wa Endulen anayepanda kutoka kwenye chemchemi na madumu mgongoni haulizi kama ndani mna maji au mafuta ya taa. Anaifuata njia anayoijua mpaka bomani. Kirusi ni mzigo juu ya mgongo wa namna hiyo. Nishati inayolipia kila hatua hutoka kwenye mwili wa mtoto mwenyewe, kwenye maziwa na ugali aliokula asubuhi.

Mwendo huo umepimwa. Katika seli za neva za binadamu zilizokuzwa maabara, kirusi kilisafiri milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, mita moja ni siku 10 hadi 20. Mguu wa mtoto ni mfupi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo siku zake ni chache zaidi. Aliyeng'atwa usoni au shingoni ana siku chache mno, na ndiyo sababu daktari mzoefu, akiletewa aliyeng'atwa, hutazama kwanza jeraha liko wapi. Hayo ni mbali na siku ambazo kirusi kimetulia kwenye misuli, ambazo hakuna awezaye kuzitabiri.

Katika muda wote huo mwili haujapewa habari. Kirusi hakipasui seli za neva, kwa hiyo hakuna usaha, uvimbe wala homa ya kuwaamsha walinzi. Moja ya zile protini zake 5 ina kazi ya ziada ya kuzima kengele ambayo seli iliyovamiwa hupiga kuwaonya majirani. Damu inapita sentimita chache kando ya neva hiyo, imejaa chembe nyeupe zilizo tayari kupigana, na haina taarifa. Kwa sababu hiyo hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mzazi kama mwanawe ameambukizwa au la. Uamuzi wa kumtibu hufanywa kwa kuutazama mng'ato na kumfikiria mbwa. Anayesubiri uthibitisho kutoka mwilini mwa mtoto anasubiri dalili, na dalili zikija hakuna tena cha kufanya.

Wachungaji wa nchi hii wanajua tangu kale kwamba ugonjwa una njia zake, na wamejenga mienendo ya maisha yao juu ya ujuzi huo. Kila mwaka, mvua zinapoiamsha nyasi fupi ya tambarare, nyumbu huteremka kuzaa kwenye maeneo ya Ndutu, na katika wiki chache za kuzunguka mwezi wa Februari ndama huzaliwa kwa maelfu kwa maelfu. Ile ndiyo nyasi bora kuliko zote. Na ndiyo nyasi ambayo Wamaasai huihama, wakapandisha ng'ombe wao miinukoni, kwa sababu ya ugonjwa wanaouita ingati, ambao ng'ombe huupata kwa nyumbu. Walter Plowright na wenzake wa kituo cha Muguga nchini Kenya walichapisha mwaka 1960 kwamba wamekipata kirusi chenyewe ndani ya nyumbu. Wafugaji walikuwa wakisema hivyo muda mrefu kabla ya maabara kujengwa, na ni haki kulitaja hilo waziwazi, kwa kuwa mara nyingi husimuliwa kinyume.

Kirusi cha ingati ni cha jamii ya herpesi, na safari yake ndani ya seli ina kituo kingine. Virusi vya jamii hiyo navyo hubebwa juu ya vijirija vilevile, lakini haviishii kwenye majimaji ya seli. Vinakwenda hadi kwenye kiini, ambamo jeni za mwenyeji zinatunzwa, na kusukuma DNA yao ndani kupitia vitundu vya ukuta wa kiini. Vikifika huko vinaweza kunyamaza miaka mingi. Nyumbu huishi na kirusi hiki bila kuugua. Ndama wake hukitoa kwa wingi kwenye majimaji ya pua na macho katika miezi ya kwanza, na ng'ombe anayelisha karibu nao akikipata, kinaingia kwenye chembe zake nyeupe, kinazivuruga, na ng'ombe hufa kwa homa huku macho yamefunga ukungu. Ng'ombe huyo hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Kinga ya mfugaji ni umbali, na gharama ya umbali huo ni nyasi nzuri kuliko zote za mwaka kuachwa kwa nyumbu.

Sotoka, ugonjwa mwingine wa ng'ombe, iliingia ndani ya seli kwa namna ya tatu. Kirusi chake hakikuhitaji kumezwa wala kungoja asidi. Kilijishika kwenye protini iitwayo SLAM iliyoko juu ya chembe nyeupe, na utando wake ukaungana na utando wa seli palepale juu. Surua ya watoto hutumia protini hiyohiyo, na vilevile homa ya mbwa iitwayo distempa, ambayo mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwaustria Oscar Baumann alipofika Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamaasai wakifa njaa, kwani sotoka ilikuwa imeshamaliza ng'ombe wao. Ni Plowright huyuhuyu wa Muguga aliyekuja kutengeneza chanjo ya sotoka iliyokubalika kila mahali, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Mpaka leo ni magonjwa mawili tu yaliyofikia mwisho huo: ndui ya watu na sotoka ya ng'ombe.

Kichaa cha mbwa bado.

Kirusi kikifika kwenye uti wa mgongo, mambo hubadilika. Hapo RNA inatoka kifukoni, seli inaanza kusoma maelekezo yake na kuunda virusi vipya. Mwaka 1903 tabibu wa Italia, Adelchi Negri, aliona vidoa vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa, akadhani ndivyo vimelea vyenyewe. Alikosea kuhusu ni nini, lakini vidoa alivyoviona viliwasaidia madaktari kuutambua ugonjwa kwa miongo mingi. Leo inajulikana kwamba ni karakana ambazo virusi huundwa. Na mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba karakana hizo hazina kuta, ni matone tu, mithili ya yale yanayojitenga mafuta yakikutana na maji.

Kutoka seli moja ya neva kirusi huvuka kwenda seli iliyo nyuma yake, ile inayoipa amri, na kutoka hapo kwenda iliyo nyuma zaidi. Kinafuata mnyororo wa amri kwa kurudi nyuma, bila kupotea. Uaminifu wake huo kwa njia moja umewafanya wanasayansi wakipunguze makali na kukitumia kuchora ramani ya ubongo, kujua seli ipi inazungumza na ipi. Kitu kilekile kinachomuua mtoto kwenye boma kinawaonyesha watu wa maabara jinsi mkono unavyopata amri ya kushika kijiko. Mtu anaweza kustaajabia kazi hiyo na papo hapo akaona uchungu kwamba elimu hii yote haijamfikia mama wa mtoto yule.

Ubongoni kirusi huenea, kisha huanza kushuka kwa njia za neva kuelekea sehemu nyingine za mwili, na hasa kwenye tezi za mate. Sasa mgonjwa hawezi kumeza. Akiona maji koo linakaza kwa maumivu, na hata upepo ukimpuliza usoni anashtuka. Mate yaliyojaa virusi yanabaki mdomoni. Kwa mbwa, hasira inakamilisha kazi: mnyama mwenye mate ya namna hiyo anamng'ata kila anayekutana naye. Kwa binadamu safari inaishia hapo, kwani mtu huwa haambukizi mtu. Dalili zikishaanza, kifo hufuata ndani ya siku chache, na walionusurika duniani kote ni wachache mno. Madaktari wanachoweza ni kupunguza mateso.

Ile safari nyingine, ya nje, ilipata tumaini lake la kwanza mjini Paris tarehe 6 Julai 1885. Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, alikuwa na majeraha mengi ya mng'ato wa mbwa mwenye kichaa. Louis Pasteur hakuwa amekiona kirusi. Hadubini ya kukionyesha ilikuwa haijabuniwa. Alijua jambo moja, kwamba ugonjwa huu huchelewa. Kwa muda wa siku 11 mtoto alidungwa dawa iliyotokana na uti wa mgongo wa sungura wagonjwa uliokaushwa, ili mwili ujifunze kupigana kabla kirusi hakijafika. Meister akaishi. Chanjo za leo ni safi na salama kuliko ile, lakini zinategemea jambo lilelile: mwili ukipewa mafunzo siku za mwanzo, kingamwili zinakikuta kirusi bado kiko jerahani au kwenye misuli, kabla hakijazama ndani ya neva ambako haziwezi kukifikia vizuri.

Kabla ya chanjo kuna sabuni. Kwa kuwa kirusi kimevaa utando wa mafuta, sabuni huuyeyusha utando huo, na bila utando zile protini hazina pa kusimama na kirusi hakiingii popote. Shirika la Afya Duniani linaagiza jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15. Agizo hilo ni jepesi mahali penye bomba. Kwenye boma ambalo maji yamebebwa na wanawake na punda kutoka mbali, wakati wa kiangazi, dakika 15 za maji ni sehemu kubwa ya maji ya siku hiyo. Anayewafundisha watu wa Endulen kuhusu kichaa cha mbwa inampasa alijue hilo kabla hajafungua kinywa, na awaambie kwa uwazi kwamba maji hayo ni ya thamani kuliko matumizi mengine yote ya siku ile.

Baada ya sabuni ni hospitali, tena mara kadhaa, kwa sababu chanjo hutolewa kwa awamu. Kila awamu ni safari. Familia za vijijini nchini Tanzania zimeuza mbuzi na ng'ombe ili kulipia nauli na dozi, na zipo zilizoishia njiani baada ya dozi ya kwanza. Wengine huenda kwanza kwa mganga wa mitishamba, na dawa yake huonekana kufanya kazi, kwa sababu si kila aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huugua; wengine kirusi hakikuingia vya kutosha. Waliopona kwa bahati humsifu mganga. Waliokufa wamekufa miezi miwili baadaye, na hakuna anayeuunganisha msiba na mng'ato ule.

Ndiyo maana takwimu zimepungukiwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ukiongozwa na Sarah Cleaveland, ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza karibu watu 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, zaidi ya mara 100 ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza watu 59,000 kwa mwaka, na watoto ni sehemu kubwa ya hao.

Na bado ugonjwa huu ni dhaifu kuliko unavyoogopwa. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2006, Katie Hampson na wenzake walifuatilia mng'ato mmoja baada ya mwingine katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, wakianzia kwenye kumbukumbu za hospitali na kwenda nyumba kwa nyumba, mbwa gani alimng'ata nani, na mbwa yule aling'atwa na nani kabla yake. Ni kazi ya subira kubwa, na inafaa kuheshimiwa kuliko mashine nyingi za gharama. Walikuta kwamba mbwa aliyeambukizwa hukaa wastani wa siku 22 kabla ya kuugua, huwa na kichaa kwa siku kama 3, na katika siku hizo huambukiza mbwa mmoja na ushei tu kwa wastani. Ugonjwa unaoishi kwa kuambukiza mmoja na ushei unaning'inia pembezoni. Ukichanja mbwa 7 katika kila 10 mnyororo unakatika, na katika eneo hili watafiti walionyesha pia kwamba ni mbwa wa nyumbani wanaouweka ugonjwa hai. Bweha na fisi hupatwa, lakini hawauendelezi peke yao.

Chanjo ya mbwa ni nafuu mno kuliko ya mtu. Wala si lazima ikae kwenye jokofu muda wote: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana hubaki na nguvu yake kwa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, na miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa vijiji visivyo na umeme. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa. Ukarudishwa kutoka nje, ukaondolewa tena. Ngorongoro ni pana kuliko Pemba na haina bahari ya kuizunguka, maboma yake yametawanyika, na watoto wa mbwa wanaozaliwa kila mwaka hawajachanjwa. Kwa hiyo kazi hiyo hairuhusu kuruka mwaka. Kampeni inayokuja msimu mmoja na kukosekana msimu unaofuata huacha mbwa wa kutosha kuurudisha ugonjwa.

Siku wachanjaji wanapokuja kijijini, mbwa wote wa boma wapelekwe, pamoja na yule mdogo wa miezi mitatu ambaye hana jina bado. Na mtoto akirudi machungani na alama ya meno, hata kama ngozi imekwaruzwa tu, hata kama mbwa ni wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo na arudishwe kila tarehe aliyoandikiwa mpaka dozi ya mwisho.